Mlinzi wa Lango la Pili

Mchezo umekwisha, lakini hawaondoki.
Theluji ya ziwani imeiangukia Erie tangu alasiri,
magari kule nje hayajulikani lipi la nani,
basi wamejibanza hapa, langoni pangu,
na bisi zilizopoa na hoja za moto.

Stan Wojcik ndiye mwanzishaji, sikuzote:
"Futi sita na inchi moja. Hiyo ni pamoja na nywele.
Kule juu watamtia mfukoni kama chenji."
Bi Lorna Hatcher, mwalimu mstaafu wa hesabu,
afungua daftari lake la jalada la kijani.
Kila mtupo tangu Novemba umo.
"Mitupo ya mbali, arobaini na moja kwa mia.
Hesabu haina kimo, Stan."
"Hesabu haimzuii mtu wa futi saba!"
"Na futi saba hazimkamati huyu!"

Wanampima. Wanampima tena.
Mikono, ncha hadi ncha, ambayo kwa vipimo vya kwetu
ni pima moja na shibiri, kasoro kidole.
Mkono wa kushoto, ambao Kev wa duka la matairi
anasema ni pambo tu.
Umri: ishirini na mbili,
na kwa soko lile huo ni uzee.
Mimi kwa umri huo nilikuwa bado nafungiwa tai na dada yangu.

"Raundi ya kwanza, mkiani."
"Ya pili, akijaliwa."
"Uturuki," asema Kev, kama daktari anayetaja ugonjwa.
"Uturuki kuna pesa."
"Kuna pesa. Ila hatutamwona."
Hapo wakanyamaza kidogo,
Stan akatafuta kitu ndani ya pakiti tupu.

Kazi yangu ni mlinzi.
Nafasi yake uwanjani, kwa lugha yangu, ni mlinzi.
Nilimweleza usiku mmoja, akacheka mpaka akaketi.
Tangu siku hiyo tumekuwa masomo:
"Mlinzi!" ananiita. "Mlinzi!" namwitikia.

Kwa hiyo liko jambo ambalo daftari la Bi Lorna halina.
Watu wakishatoka, taa zikibaki theluthi,
somo yangu hushuka ngazi za nyuma, kumi na nne,
kiubavu, kama kaa,
mkono kwenye chuma, goti la kulia halikunji,
kila ngazi mguu ukiungoja mguu.
Chini kabisa husimama. Hujinyoosha.
Kisha huja mlangoni kwa mwendo ule ule
ambao watu wanaukatia tiketi.
Alipojua kwamba nimeona, hakusema "usiseme."
Alisema, "Baridi leo."
Nikasema, "Baridi kweli."

"Faki! Wewe uko hapa kila usiku," Stan ananigeukia.
"Unaonaje?"
Nyuso tatu, na chumvi ya bisi midomoni.
"Mimi natazama milango."
"Ndiyo, lakini watamchukua?"

Wale wenye kuchukua wana mashine za kupiga picha mifupa,
wataliona goti bila msaada wangu.
Au hawataliona.
Au limeshapona tangu Jumanne; mimi nani nilijue goti la mtu?
Nikasema: "Ana jicho.
Humwona mwenzake amebaki peke yake
kabla mwenzake hajajijua."
Hilo ni kweli. Sikuongopa.
Bi Lorna akaandika. Sijui kwenye safu ipi.

Gari la kukwangua theluji likapita, nao wakatoka,
Stan amemshika mkono asiteleze,
yeye akimwambia arobaini na moja, Stan, arobaini na moja.

Nikafunga lango la pili.
Nikachukua ndoo, nikazunguka nyuma,
nikazimwagia chumvi ngazi za nje,
zote tisa, konzi kwa konzi,
na ile ya mwisho, yenye ufa, konzi mbili.